Saratani ya mlango wa kizazi: kipimo kinachoweza kumfuata mama mlimani

Leo mada ni ile ambayo akina kaka wengi mkiiona mnafunga ukurasa fasta. Msifunge, inamhusu mama yako.

Kati ya saratani zote, hii ndiyo inayoua wanawake wengi zaidi Bongo. Makadirio ya kimataifa ya mwaka 2020 yalikuwa wagonjwa wapya zaidi ya 10,000 na vifo zaidi ya 6,500. Wengi hufika Ocean Road pale Dar ugonjwa ukiwa umeshakomaa. Kinachouma ni kwamba kwa kawaida huchukua miaka 15 hadi 20 kukua. Muda wa kuuwahi upo!

Chanzo ni kirusi cha HPV, kinachoambukizwa kwa kujamiiana. Mjerumani Harald zur Hausen ndiye aliyeonyesha uhusiano huo, akapata tuzo ya Nobel mwaka 2008. Aina mbili tu, 16 na 18, husababisha kama asilimia 70 ya saratani hii.

Kipimo kilichozoeleka kwetu ni cha siki. Muuguzi anapaka siki kwenye mlango wa kizazi, anasubiri dakika moja, na sehemu yenye mabadiliko inageuka nyeupe. Ni rahisi na majibu ni hapo hapo. Ila kinategemea jicho la mpimaji, na ni lazima mama afike mwenyewe. Sasa fikiria mama wa Nyandira au Kinole, aache shamba, apande gari, apange foleni, wakati haumwi popote. Wangapi watakuja?

Kipimo cha molekuli hakitafuti doa, kinatafuta vinasaba vya kirusi chenyewe. Mashine inavinakili kama fotokopi, kila mzunguko vinaongezeka mara mbili. Kimoja kikinakiliwa mizunguko 30 vinapita bilioni, hapo kirusi hakina pa kujificha. GeneXpert, mashine ile ile ya kupimia TB, inaweza kazi hii kwa muda wa saa moja hivi.

Kikubwa zaidi, mama anaweza kujichukulia sampuli mwenyewe faraghani kwa kijiti laini, bila kupanda kitanda cha daktari. Kwa hiyo sampuli inaweza kushuka mlima peke yake.

Lakini majibu nayo lazima yapande! Kukutwa na HPV siyo kuwa na saratani, mara nyingi mwili hukiondoa wenyewe. Ila mama huyo lazima aitwe, aangaliwe, na penye mabadiliko patibiwe kwa joto au kugandishwa. Asipoitwa, mashine imefanya kazi bure.

Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilishauri kipimo hiki kiwe chaguo la kwanza: kuanzia miaka 30, kila baada ya miaka 5 hadi 10. Wenye VVU waanze na 25, kila miaka 3 hadi 5. Chanjo ya wasichana, iliyoanza nchi nzima mwaka 2018, haiondoi haja ya kupima baadaye.

Kipimo hiki hakipo kila kituo, kwa hiyo ulizia. Kama kuna siki tu, mama apime kwa siki, asisubiri mashine. Leo ukitoka hapa kwenye kompyuta, mpigie simu umuulize: mama, umeshapima?

Wadau, huko kwenu hali ikoje? Karibuni tuchangie.