Trekta la Zamani Lapatiwa Umeme Mpya

Wakulima wengi wanalijua lile trekta dogo la rangi ya kijivu liitwalo Ferguson TE20. Lilitengenezwa katika mji wa Coventry, Uingereza, tangu mwaka 1946 hata mwaka 1956, na matrekta zaidi ya 500,000 yalitoka katika kiwanda hicho. Ni matrekta ya namna hiyo, yakiwa yamefungwa minyororo magurudumuni, yaliyomfikisha Edmund Hillary na wenzake kwenye Ncha ya Kusini ya dunia tarehe 4 Januari 1958. Huku kwetu Osieko, ufuoni mwa Ziwa Victoria, hatuna barafu. Tuna udongo mweusi unaonata mvua inyeshapo na kupasuka jua likiwaka. Baba yangu mdogo analo trekta moja la aina hiyo, la petroli, nalo ndilo lililonifundisha haya nitakayoyaeleza.

Chuma chake ni kizima na gia zake hazina kelele. Ugonjwa wake ulikuwa umeme. Kila jioni betri ilifunguliwa, ikafungwa juu ya baiskeli, ikapelekwa sokoni kutiwa chaji, na alfajiri ikarudishwa. Siku ilipochelewa, vijana walizungusha hendeli ya mbele. Mwezi wa Machi mwaka 2019, mvua ikiwa imekwisha kuonyesha dalili na majirani watano wakingoja zamu ya kulimiwa, mjukuu wake aliishika hendeli hiyo huku amekunja kidole gumba juu yake. Cheche ikapiga kabla ya wakati, injini ikarudi nyuma, na kifundo cha mkono wake kikavunjika. Baba mdogo aliniita jioni ile ile. “Mwanangu,” akasema, “wewe umesoma. Niambie, niuze trekta au niuze ng’ombe?”

Tukauza ng’ombe.

Yafaa kwanza msomaji aelewe kazi ya dainamo. Dainamo huzungushwa na mkanda wa injini, na umeme wake hutoka kwa njia ya vipande vya kaboni vinavyosugua shaba. Injini ikienda polepole, dainamo hutoa umeme mdogo sana au haitoi kabisa. Sasa, trekta ni chombo cha mwendo wa polepole: husimama likiunguruma, hungoja jembe lisafishwe, hugeuka mwisho wa shamba. Tena liko kasha dogo liitwalo katauti, lenye vidude vya kufungua na kufunga njia ya umeme. Vidude hivyo vikishika kutu au vikigandamana, ama betri haipati kitu, ama umeme wake unarudi na kupotea katika dainamo usiku kucha. Kwetu yalikuwapo yote mawili.

Altaneta ni namna nyingine. Umeme wake hugeuzwa na diodi na kupimwa na kidhibiti kilichomo ndani yake, nayo huanza kujaza betri hata injini ikiwa katika mwendo mdogo. Ile tuliyoinunua katika mji wa Busia, iliyokwisha kutumika katika motokaa, ni Lucas 17ACR, iwezayo kutoa ampia 36. Kwa nguvu hiyo, waya mwembamba wa zamani hautoshi. Sharti uwekwe waya mnene toka altaneta hata betri. Ile saa ya zamani ya kupimia ampia nayo tuliiondoa njiani isije ikaungua. Lazima pia iwepo taa ndogo ya onyo, ya wati 2.2, kwa kuwa umeme upitao katika taa hiyo ndio unaoiamsha altaneta. Wako mafundi waiachao wakidhani ni pambo, kisha wanashangaa kwa nini altaneta imelala.

Hapa nina jambo la kukiri. Matrekta hayo ya Ferguson yalifungwa upande wa chanya wa betri kwenye mwili wa trekta. Altaneta yetu yataka upande wa hasi uwe mwilini. Fundi alinieleza vema, akaenda kula. Mimi, kwa haraka ya kumfurahisha mzee, nikaifunga betri kama nilivyoiona ikifungwa tangu utoto wangu. Moshi mdogo ukatoka, nazo diodi zikafa papo hapo. Baba mdogo hakunigombeza. Aliuliza tu bei ya altaneta nyingine. Niliilipa kwa mshahara wangu wa mwezi ule, na tangu siku hiyo waya wa hasi umefungwa kitambaa cheusi, na wa chanya kitambaa chekundu. Stata haikuhitaji kubadilishwa, kwa kuwa huzunguka upande ule ule hata betri ikigeuzwa, lakini nyaya mbili ndogo za koili tulizibadilishana mahali.

Baada ya chaji tukaja kwenye cheche. Ndani ya distributa mna pointi, yaani midomo miwili ya chuma inayofunguka kwa nafasi isiyofika nusu milimita, na kila inapofunguka koili hutoa cheche. Pointi huungua na kulika, na nafasi ikibadilika, wakati wa cheche nao hubadilika. Siku hizi kiko kifaa kidogo cha elektroniki kinachokaa mahali pa pointi. Hutambua mzunguko kwa sumaku, wala hakuna kinachosuguana. Kinataka betri yenye nguvu, koili inayolingana nacho, na swichi isiachwe wazi injini ikiwa imezimwa. Tulikifunga, tukapima upya wakati wa cheche, na trekta likawaka kwa mguso mmoja wa stata.

Hata hivyo sitamshauri kila mtu akinunue. Pointi zikiharibika shambani, mkulima huzisugua kwa msasa na kuendelea na kazi. Kifaa cha elektroniki kikifa, kimekufa. Ndiyo maana tumehifadhi pointi za zamani na kondensa yake katika kisanduku cha spana, zimefungwa kwa kitambaa chenye mafuta. Mwenye fedha kidogo na aanze na altaneta. Na mwenye trekta la dizeli, kama lile Massey Ferguson 35 la injini ya Perkins, hana plagi wala koili, basi shida yake ni ya chaji tu.

Majirani wale watano walilimiwa kabla ya mwisho wa Aprili. Mkono wa kijana ulipona, naye ndiye dereva sasa. Hendeli ya mbele imetundikwa ukutani, na baba mdogo hamruhusu mtu yeyote kuigusa.