Dirisha Nyuma ya Dirisha

Mama mmoja mzaliwa wa Mombasa, mkazi wa miaka mingi wa kaskazini mwa London, aliniita nikamtazamie madirisha yake. Nyumba yenyewe ni ya enzi ya Malkia Victoria: matofali, dari ndefu, na yale madirisha ya mbao ya kupandisha na kushusha, yenye kamba na vyuma vizito vilivyofichwa ndani ya fremu. Nikaanza kumweleza habari za baridi. Akanikata kalima.

"Mwanangu, baridi nimeizoea, mablanketi n'nayo. Treni ndiyo yanitoa roho."

Hakumaliza, treni ikapita nyuma ya bustani. Vikombe vikalia kwenye sinia. Nikaona nimwambie ukweli mapema: "Mama, mtikisiko wa vikombe unapitia ardhini, huo kioo hakiuwezi. Kelele inayoingia dirishani ndiyo nitakayokusaidia."

Kazi aliyoniitia, mimi huiita dirisha la pili. Ni fremu nyembamba, mara nyingi ya alumini, inayofungwa upande wa chumbani nyuma ya dirisha la zamani, na lile la zamani halitolewi. Si sawa na dabo, yaani vioo viwili vilivyounganishwa kiwandani katika fremu moja. Ukitaka dabo, kwa kawaida unang'oa dirisha ulilo nalo, na Uingereza hilo si jambo la kuamka nalo asubuhi: jengo likiwa limeorodheshwa kuwa la urithi, kulibadilisha madirisha bila kibali ni kosa la jinai. Dirisha la pili halionekani sana kutoka barabarani na siku moja linaweza kuondolewa, kwa hiyo maofisa wa urithi hulipokea kwa moyo mkunjufu zaidi. Hata hivyo nyumba ikiwa ya urithi, iulize halmashauri kwanza, na jibu ulipate kwa maandishi. Wala si uvumbuzi wa jana. Vienna na Berlin zimejaa nyumba za karne ya 19 zilizojengwa na madirisha mawili mawili tangu mwanzo, moja nje na moja ndani, kila moja na bawaba zake.

Wateja wengi wakinipigia simu huanza na bei, au rangi ya fremu. Mimi huuliza: kinachokukosesha raha ni baridi, upepo unaopenya, au kelele? Jibu hilo ndilo linaloamua nafasi ya kuacha kati ya kioo na kioo, na nafasi hiyo ndiyo inayobeba nusu ya kazi, ingawa hutaiona kwenye ankara.

Tuchukue baridi. Kioo kimoja cha kawaida hupoteza wati 5 na ushei kwa kila mita ya mraba, kwa kila digrii moja ya tofauti kati ya ndani na nje. Kinachozuia joto si kioo cha pili chenyewe, ni hewa iliyonaswa katikati, na hewa hiyo haihitaji kuwa nene. Milimita 16 hadi 20 zinatosha. Ukizidisha, inapata nafasi ya kuzunguka, ikipanda upande wa joto na kushuka upande wa baridi, na hupati faida ya ziada. Mwaka 2008 Chuo Kikuu cha Glasgow Caledonian, kwa niaba ya Historic Scotland, kilipima dirisha la kizamani la kupandisha na kushusha. Pazia zito lilipunguza joto linalopotea kupitia kioo kwa asilimia 14. Shata za mbao za ndani zilipunguza kwa asilimia 51, na dirisha la pili kwa asilimia 63. Mimi hapo huwa nawaonyesha watu ile namba ya shata. Nyumba nyingi za zamani bado zinazo, zimegandishwa kwa rangi pembeni mwa dirisha, na mwenye nyumba hana habari. Zifungue kabla hujatoa senti.

Kelele ina sheria zake. Fikiria ngoma yenye ngozi pande mbili: ukipiga upande huu, wa pili unaitika, kwa sababu hewa iliyobanwa katikati inasukuma kama springi. Vioo viwili vilivyokaribiana hufanya hivyohivyo, hasa kwa sauti nzito za lori na treni. Ndiyo maana mtu hununua dabo la fedha nyingi, halafu usiku analisikia basi vilevile. Ukivitenganisha, springi inalegea. Kuanzia milimita 100 utaanza kusikia tofauti, hadi 150 au 200 ni bora zaidi, na baada ya hapo unaongeza pengo bila kuongeza utulivu. Kioo nacho kisilingane unene na kile cha nje, maana kila unene una sauti yake unayoshindwa kuizuia, na vioo pacha hushindwa mahali pamoja. Kinachofaa zaidi ni kioo cha tabaka cha milimita 6.4, vioo viwili vilivyobanwa na utando wa plastiki katikati, ndugu wa kioo cha mbele cha gari. Plastiki ile hufisha mtetemo. Pengo likiwa la kutosha na fremu imebana, kelele inaweza kupungua kwa desibeli 45 kati ya nje na ndani, na sikio la binadamu huhesabu kila desibeli 10 zinazopungua kama nusu ya ukubwa wa sauti.

Kwa yule mama nilipima kina cha ukuta kutoka kwenye mbao za dirisha hadi ukingo wa ndani, nikapata milimita 150. Bahati. Nikaweka fremu kwenye ukingo kabisa, na kuta za pembeni zinazotazamana ndani ya pengo nikazivisha sponji ya kumeza sauti. Hapo ndipo uzito ukajitokeza. Kioo kina kilo 2.5 kwa kila mita ya mraba kwa kila milimita ya unene. Dirisha la mita 1 kwa mita 1.7, kwa kioo cha 6.4, linakaribia kilo 27. Kipande kizima cha namna hiyo mama wa makamo hakiinui. Nikamkatia vipande viwili vya kupandisha na kushusha vyenye springi za kusaidia mkono, na mstari wa katikati ukakaa nyuma kabisa ya mstari wa dirisha la nje. Ukikosea mstari huo hata kwa vidole viwili, mpita njia ataona upau wa alumini umekatiza kioo, na dirisha zuri limeharibika sura.

Kabla ya kuagiza pima upana mara tatu, juu, katikati na chini, kisha kona kwa kona. Nyumba ya miaka 130 haina pembe mraba hata moja. Agiza kwa kipimo kidogo kuliko vyote, pengo linalobaki utalijaza.

Sasa kosa langu. Miaka yangu ya mwanzo nilifunga dirisha la pili kwa mwalimu mmoja, kisha, nikijiona fundi hodari, nikaliziba na lile la nje kwa silikoni kila ufa. Januari akaniita. Kati ya vioo matone yalikuwa yakitiririka kama jasho la mtungi, na rangi ya mbao ya chini imeanza kutoa malengelenge. Mvuke wa chumbani, wa chai, wa nguo zilizoanikwa juu ya hita, hata wa pumzi, ulikuwa ukipenya kwenye fremu yangu ya ndani, ukikutana na kioo cha nje kilicho baridi na kugeuka maji. Njia ya kutoka nilikuwa nimeiziba mwenyewe. Tangu siku hiyo dirisha la ndani nalibana kwa mpira pande zote, la nje naliacha lipumue kidogo. Na nikikuta chumba kina kuvu ukutani tayari, kwanza natafuta unyevu unatoka wapi. Kioo hakitibu maji ya paa.

Ukitaka joto zaidi bila kuongeza uzito, omba kioo chenye utando mwembamba wa metali unaorudisha joto chumbani. Kwa dirisha la pili uwe ule mgumu, uliochomewa kioo kikiwa bado cha moto kiwandani, kwa sababu utando laini haustahimili kukaa wazi. Uso wenye utando hutazama kwenye pengo. Fundi akikwambia utando umo, usiku washa kibiriti cha gesi mbele ya kioo. Utaona ndimi mbili za moto, mmoja kwa kila uso. Utando ukiwepo, ulimi mmoja una rangi tofauti na mwenzake. Kioo kinachoanzia chini ya milimita 800 kutoka sakafuni kiwe cha usalama, hiyo ni kanuni na pia ni huruma kwa watoto.

Mpangaji asijitie gharama ya alumini. Kuna vipande vya akriliki vinavyonata kwa ukanda wa sumaku, unavivua kiangazi na kuviweka uvunguni. Ni vyepesi, kwa hiyo kwa kelele msaada wake ni mdogo, na ukivifuta kwa kitambaa kikavu vinachubuka. Nafuu zaidi kuna nailoni inayokazwa kwa mashine ya kukaushia nywele. Msimu mmoja imekwisha, lakini bei yake ni ya vitafunio, na kwa upepo unaopenya inafanya kazi kuliko inavyoonekana.

Ndugu yangu anayeishi Sinza, Dar es Salaam, aliposikia habari hizi aliniuliza kama atafanya hivyo dhidi ya baa ya jirani. Nikamkatisha tamaa. Madirisha yake ni ya vioo vya kupangua, yametengenezwa ili upepo upite, na palipopita upepo sauti nayo inapita. Akiyafunga mwaka mzima, kiyoyozi na bili ya umeme vitamtoa jasho upya. Joto la Dar huzuiwa nje, kwa kivuli na upenu, kabla jua halijagusa kioo. Ofisi inayokaa na kiyoyozi kutwa kando ya barabara kubwa, hiyo sawa, tunaweza kuzungumza.

Jambo la mwisho ninaloligombania na wateja ni kufunguka. Chumba cha kulala cha juu, dirisha lake huenda ndilo mlango wa kutokea moto ukiwaka. Kanuni za ujenzi za England zinataka dirisha la kutorokea liwe na uwazi wa mita za mraba 0.33, na upana wala urefu wake usipungue milimita 450. Kipande kilichofungwa kwa skrubu ni mtego. Kitasa kiwe cha kufunguka gizani, na ufunguo, kama upo, usikae kwenye droo ya jikoni.

Kazi ilipokwisha yule mama alitaka ushahidi. Nikamwomba udi. Akawasha kijiti, nikakipitisha taratibu pembeni mwa fremu, juu, kando, chini. Moshi ulisimama wima, ila kona moja ya chini ulijikunja; nikakaza mpira, ukasimama. Treni ikapita. Sinia ikalia kidogo, lakini treni yenyewe ikawa kama inapita mtaa wa pili. Mama akanitazama, akakitazama kile kijiti kinachozidi kufuka chumbani.

"Haya, nimeamini. Sasa fungua hilo dirisha upesi, moshi huu utaniamshia king'ora."