Pikapu Ikigoma Njiani: Tafuta Chanzo Kabla ya Kununua Kipuri

Katika nchi ya Kakamega pikapu ni mtumishi wa watu wengi. Alfajiri huchukua maziwa, mchana hupeleka mbolea na magunia ya mahindi, na usiku huenda ikamfikisha mgonjwa hospitalini. Kwa hiyo siku inapogoma, hasara si ya mwenyewe peke yake. Maziwa huharibika, vibarua hukaa bure shambani, na mnunuzi aliyechoka kungoja humwendea mtu mwingine.

Lakini mara nyingi hasara iliyo kubwa huja baadaye. Mwenye gari hununua betri mpya, gari haliwaki. Hununua stata, bado. Hatimaye huonekana kwamba waya mmoja ulikuwa umelegea, na fedha za ada ya shule zimekwisha. Gari ni kama mtu mwenye homa: homa ni dalili tu, nao ugonjwa huenda uko mahali pengine. Kanuni ya fundi mwema ni kuanza na yaliyo karibu na yasiyo na gharama, na kutobadilisha kitu chochote kabla ya kukipima.

Gari lisilowaka

Ufunguo ukizungushwa na injini isizunguke, jambo la kwanza ni kuwasha taa kubwa na kujaribu tena. Taa zikififia au kuzimika, betri imekwisha nguvu, au umeme hauipati njia. Taa zikibaki na nuru yao, na sauti ikawa ni "tak" moja tu, lawama huelekea kwa stata au swichi yake.

Hata hapo betri isihukumiwe upesi. Mvua za Kakamega ni nyingi, na unyevu hufanya unga mweupe au wa kijani kwenye vichwa vya betri. Unga huo huuzuia umeme kama takataka zinavyozuia maji mferejini. Dawa yake ni maji ya moto yenye magadi kidogo, brashi, na kukaza nati. Waya wa hasi hufunguliwa kwanza na kurudishwa mwisho, ili spana ikigusa bodi isitoe cheche. Sigara isiwe karibu, kwa maana hewa itokayo katika betri hulipuka.

Mwenye kipimo cha volti hana haja ya kubahatisha. Betri nzima iliyolala usiku kucha huonyesha volti 12.6 hivi, ikiwa chini ya 12, haina nguvu. Injini ikinguruma, kwa kawaida kipimo hupanda hadi kati ya 13.8 na 14.5. Kisipopanda, betri hailishwi: na atazame kwanza beliti kama imelegea, ndipo aitilie shaka alteneta.

Taa za nyuma na fyuzi

Dereva akikanyaga breki na taa ya kuonyesha njia ikawaka kwa unyonge, wengi hununua balbu. Mara nyingi kosa si la balbu. Umeme uliokwisha kufanya kazi sharti urudi kwenye betri kwa kupitia chuma cha gari, na katika pikapu waya wa kurudia hufungwa chini ya karai la mizigo, mahali parushiwapo matope kila siku. Kutu ikiingia hapo, umeme hutafuta njia nyingine kupitia taa ya jirani. Kukwangua kutu hiyo na kukaza boliti huenda kukamaliza jambo bila gharama.

Fyuzi ikiungua, iwekwe nyingine ya kipimo kile kile. Ikiungua tena, kuna waya uliochubuka unaogusa chuma, nao sharti utafutwe. Anayeweka kipande cha waya au karatasi ya sigara mahali pa fyuzi amemwondoa mlinzi mlangoni. Moto utakaokuja utateketeza nyaya zote, na labda gari lenyewe.

Dizeli, maji na hewa

Pikapu ya dizeli ikizunguka vizuri bila kushika, kuna maswali matatu. Je, plagi za kupasha moto, ambazo mafundi huziita hita, zinafanya kazi? Je, kuna maji katika filta? Je, hewa imeingia katika mabomba? Filta nyingi zina skrubu chini ya kumwagia maji yaliyotuama, na juu yake pampu ndogo ya mkono ya kutoa hewa. Dereva ajuaye kutumia vitu hivi viwili huokoa safari nyingi. Ajihadhari asifungue mabomba yaendayo kwenye nozeli za magari mapya injini ikienda, kwa sababu dizeli hutoka kwa nguvu ya kupenya ngozi.

Moshi nao husema. Mweusi waonyesha mafuta mengi au hewa haba, na wakati wa kiangazi vumbi jekundu la barabara za Shinyalu na Malava huziba kichujio cha hewa upesi. Wa buluu waonyesha kwamba oili inaungua. Mweupe usiokoma hata injini ikipata moto waweza kuwa maji ya rejeta yaliyoingia ndani ya injini. Gari hilo lisiendeshwe tena kabla ya kutazamwa.

Maji yachemkayo

Barabara itokayo Kisumu hupanda mlima mkali kupitia Kiboswa. Kisumu iko yapata mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, na Kakamega yapata 1,500. Katika kimo hicho maji ya sufuria huchemka kwa nyuzi 95 hivi, wala si 100. Kifuniko cha rejeta ndicho kinachoyabana maji hata yakastahimili zaidi ya nyuzi 20 juu ya hapo. Kifuniko kilichochakaa mpira, kitu cha bei ndogo, chaweza kuchemsha maji ya injini nzima isiyo na kosa.

Mshale wa joto ukipanda, dereva asimame, azime injini, na angoje ipoe kabisa. Kifuniko kisifunguliwe kikiwa cha moto kwa vyovyote. Mvuke wake humwunguza mtu uso na macho. Kisha atazame kiasi cha maji, beliti na feni, na matope yaliyoziba uso wa rejeta.

Breki haziahirishwi

Makosa mengine yaweza kungoja kesho, breki haziwezi. Kanyagio likiwa laini na kuinuka baada ya kupigwa mara kadhaa, kuna hewa au mafuta yanavuja. Gari likivuta upande mmoja, gurudumu moja halishiki sawasawa. Baada ya kuvuka maji au matope, breki zijaribiwe polepole ili zikauke. Na anayeteremka kwenda Kisumu na mzigo atumie gia ndogo tangu juu, kwa maana breki zilizokanyagwa mteremko mzima hupata moto na kupoteza nguvu zake pale zinapohitajiwa.

Magari ya kompyuta

Peugeot 404 na Datsun 1200 zilizojulikana sana katika miaka ya 1970 zilikuwa na kabureta, na fundi aliweza kuliona kosa kwa macho. Pikapu za siku hizi zina kompyuta, na chombo cha fundi huisoma namba ya kosa. Ni msaada mkubwa, lakini namba huonyesha mtaa tu, haionyeshi nyumba. Namba inayotaja kifaa fulani yaweza kuletwa na waya wake uliolowa. Kwa hiyo kanuni ni ile ile: kupima kwanza, kununua baadaye.

Mwenye pikapu na aweke garini spana chache, kipimo cha volti, fyuzi za akiba, maji, tochi na pembetatu za hatari. Na daftari la kuandika kila kitu kilichobadilishwa na tarehe yake. Akifika kwa fundi wa jua kali, asiseme, "Niwekee alteneta." Aeleze kosa lilianza lini, katika mvua au jua, gari likiwa baridi au moto. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini kwanza yapasa kujua ufa uko wapi.