KWA WAFUMAJI: BEGA LA TRIKO LISILO NA MSHONO



Kuanzia vilima vya Ryansoro, Gitega, mpaka huku Muyinga, asubuhi za Juni na Julai ni za baridi, na triko hupata mnunuzi. Lakini mama anayemnunulia mtoto triko hutazama bega kwanza. Uzito wote wa vazi unaning'inia hapo, na mshono mbaya hukatikia hapo. Likikatika, mnunuzi harudi, na pengine uzi ulikopwa.

Dawa yake ni bega la tandiko. Mkono wa triko hauishii begani, bali unaendelea kama ukanda mwembamba mpaka shingoni, ukikaa kama tandiko mgongoni mwa punda. Ukanda huo unaungana na kifua na mgongo wakati unafumwa. Sindano ya kushonea haihitajiki hapo.

Mwaka 1995 kampuni ya Shima Seiki ya Japani ilionyesha mashine ya kiwandani inayofuma triko zima bila mshono. Mashine ya mkono ya sindano 200 haiwezi yote hayo, lakini bega inaliweza.

PIMA KWANZA. Fuma kipande cha majaribio, kifue, kikauke, ndipo uhesabu. Mfano wetu: sm 10 ni vitanzi 28 kwa upana na mistari 40 kwa urefu.

HATUA

1. Ukanda ni vitanzi 20, yaani sm 7 hivi. Kwa hiyo punguza sm 3.5 (mistari 14) juu ya kifua, na vilevile juu ya mgongo. Ukisahau, triko litapwaya kwapani.

2. Bega huteremka. Katika vitanzi 28 vya bega, kigari kikiwa upande wa shingo, sukuma sindano 7 za upande wa kwapa zingoje. Fuma mstari, pitisha uzi chini ya sindano ya kwanza inayongoja ili pasibaki tundu, kisha fuma kurudi. Fanya hivyo mara 3. Halafu rudisha sindano zote kazini, fuma mstari 1, na umalizie kwa uzi wa muda wa rangi nyingine.

3. Fuma mkono kutoka kiganjani kwenda juu. Ukifika mwisho, tundika ukingo wa kwapa wa kifua kwenye sindano za upande mmoja, na wa mgongo upande wa pili. Upande wa ndani wa kitambaa ukutazame. Funga vitanzi pamoja na kingo hizo. Sindano 20 za katikati zibaki.

4. Sasa fuma ukanda. Kigari kikiwa kulia, tundika vitanzi vya bega kwenye sindano ya mwisho ya kulia. Kikiwa kushoto, tundika kushoto. Anzia kwapani kuelekea shingoni.

5. Kila upande tundika kwa zamu hii: kitanzi 1, kisha 2, kisha 1, kisha 2, kisha 1. Hivyo ni vitanzi 7 kwa mistari 10. Rudia mara 4: vitanzi 28 vimekwisha kwa mistari 40, na bega ni sm 10 kamili.

6. Vitanzi 20 vya ukanda viache kwenye uzi wa muda. Ni vya kola.

KOSA LINALOONEKANA MARA NYINGI. Kitanzi kina upana kuliko urefu wa mstari. Ukitundika 1 tu kila mara, utafuma mistari 56, na ukanda utakuwa na mawimbi. Ukitundika 2 kila mara, ni mistari 28 tu, na kifua kitajikunja.

Kabla ya kufuma kola, laza triko mezani. Bega lisipolala sawa, fumua ukanda peke yake. Uzi haupotei, na kazi ya saa moja inaokoa triko zima.