Gari dogo lililotumika: Mnunuzi wa pwani akague nini kabla ya kulipa

Na Mwandishi Wetu, Uroa

KATIKA kijiji cha Uroa, pwani ya mashariki ya kisiwa cha Unguja, gari lina maadui wawili: umri na bahari. Mnunuzi anayemwangalia wa kwanza na kumsahau wa pili anaweza kupoteza akiba ya miaka kadhaa kwa gari linalong'aa juu huku likiwa limeoza chini.

Wakazi wengi wa kijiji hicho kilichopo Wilaya ya Kati, Mkoa wa Kusini Unguja, wanategemea uvuvi, kilimo cha mwani na kazi za hoteli za kitalii. Kwao gari si pambo. Ni chombo cha kupeleka samaki mjini, kuchukua wageni na kumuwahisha mgonjwa hospitali usiku.

Kama ilivyo kwingineko Tanzania, magari madogo ya saluni yanayouzwa zaidi ni yaliyokwishatumika nchini Japani, hasa Toyota Corolla, Premio na Allion. Sifa yao ya uimara ni ya kweli, lakini sifa ni ya aina ya gari, na mnunuzi hulipia gari moja lililo mbele yake.

Jambo la kwanza la kukagua ni kutu. Upepo wa bahari hubeba chembe za chumvi zinazoganda kwenye chuma, huvuta unyevu na kuharakisha kutu. Aidha, gari linaweza kuwasili likiwa tayari na kutu, kwa kuwa katika maeneo ya baridi ya kaskazini mwa Japani barabara humwagiwa chumvi ili kuyeyusha theluji.

Kutu hiyo kwa kawaida haianzi juu ya boneti ambako jicho hufika kwanza. Huanza chini ya sakafu, ndani ya madigadi, kwenye kingo za chini za milango na kwenye mabomba ya breki. Kwa hiyo gari likaguliwe mchana, likiwa kavu, juu ya shimo la gereji, na mazulia pamoja na tairi la akiba viondolewe ili bati lionekane.

Si kila kutu ni sababu ya kuliacha gari. Kutu ya juujuu husuguliwa na kupakwa rangi. Lakini chuma kinachomomonyoka kikiguswa kwa bisibisi, hasa pale panapobeba shokapu au panapowekwa jeki, ni dalili kwamba mwili wenyewe wa gari umedhoofika. Hapo ni vyema kutafuta gari jingine.

Sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa husaidia kufichua bati lililozibwa. Hunata penye chuma na huanguka penye puti nene. Kipimo hicho hakifai kwenye bampa, kwa kuwa nyingi ni za plastiki.

Jambo la pili ni injini. Muuzaji atakiwe asiiwashe kabla mnunuzi hajafika, kwani injini ya moto huficha kasoro nyingi. Moshi wa bluu unaashiria kuungua kwa oili na moshi mweusi ni dalili ya petroli kuzidi. Moshi mweupe usiokoma hata injini ikishapata moto huashiria kuwa maji ya rejeta yanaingia ndani ya injini.

Oili iliyogeuka rangi ya maziwa nayo ni onyo la kuchanganyika na maji. Rejeta ifunguliwe injini ikiwa baridi. Maji yenye rangi ya kutu yanaonyesha kuwa huenda gari limetiwa maji ya kawaida kwa muda mrefu badala ya kupozea maalumu. Katika vijiji vya pwani, ambako visima vingine vina maji ya chumvi, madhara yake huwa makubwa zaidi.

Aina ya injini nayo ina gharama zake. Corolla za muundo wa 110, zilizoanza kutengenezwa mwaka 1995, nyingi zina injini zinazotumia mkanda wa taimingi, ambao hubadilishwa kila baada ya takriban kilomita 100,000. Corolla za NZE121, zilizotoka kuanzia mwaka 2000, zina injini ya sentimita za ujazo 1,497 inayotumia cheni, isiyohitaji mabadiliko hayo ya mara kwa mara.

Idadi ya kilomita kwenye dashibodi isiaminiwe peke yake, kwani inaweza kurudishwa nyuma. Usukani uliosuguka, pedali zilizolika na kiti kilichobonyea haviendani na kilomita 60,000. Lebo iliyoshonwa kwenye mkanda wa kiti mara nyingi huonyesha mwaka ulipotengenezwa. Kwenye tairi, tarakimu nne za mwisho za alama ya DOT hutaja wiki na mwaka. Kwa mfano, 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019.

Suala jingine ni mifuko ya hewa. Mwaka 2013 kampuni za Toyota, Honda, Nissan na Mazda ziliita magari zaidi ya milioni 3 duniani, zikiwamo Corolla, kutokana na mifuko iliyotengenezwa na kampuni ya Takata, na wito huo ulipanuka sana miaka iliyofuata. Ilibainika kuwa joto na unyevunyevu wa muda mrefu huharibu kemikali ya kuifumulia, ikaweza kulipuka na kurusha vipande vya chuma. Hali ya hewa ya Unguja ni ya namna hiyo hiyo. Namba ya chesisi itumike kuuliza kama gari liliwahi kurekebishwa.

Baada ya hapo gari liendeshwe. Safari ya kutoka Uroa kupitia Chwaka na Dunga hadi mjini inatosha kuwa mtihani. Gia ya otomatiki isichelewe kushika wala kugonga, breki zisivute upande mmoja, na kipimo cha joto kisipande.

Kuhusu bei, hesabu sahihi ni bei pamoja na matengenezo ya lazima. Kwa mfano, gari la shilingi milioni 9 linalohitaji matairi, shokapu na rejeta kwa shilingi milioni 2.2 ni ghali kuliko la shilingi milioni 10.5 lisilodai kitu.

Mwisho ni nyaraka. Jina lililo kwenye kadi lilingane na la muuzaji, na namba za chesisi na injini zilingane na zilizomo ndani ya gari. Gari la Zanzibar huwa na namba inayoanza na herufi Z na la Tanzania Bara herufi T, na usajili wa pande hizo mbili ni tofauti. Anayenunua gari la upande wa pili aulize kwanza kodi na ada atakazodaiwa.

Ada ya fundi wa kukagua ni ndogo mbele ya bei ya gari. Fundi huyo achaguliwe na mnunuzi mwenyewe, si dalali, na malipo yafanyike baada ya taarifa yake.