Gavana, Polisi na Taa za Mtaani: Funzo kutoka Kajiado

Thamani ya amani huijua zaidi mama anayemngoja mwanawe arudi kutoka madrasa giza likiingia. Hofu ikimzidi, humlaumu kiongozi aliyempigia kura. Lakini kiongozi huyo ana uwezo gani hasa juu ya usalama?

Kaunti ya Kajiado yatupa mfano. Gavana wake, Joseph ole Lenku, aliyechaguliwa 2017 na tena 2022, ndiye aliyekuwa Waziri wa Usalama wa Ndani tangu 2013 hadi Disemba 2014. Katika kipindi hicho mpango wa Nyumba Kumi ulizinduliwa. Na ndipo yalipotokea mashambulizi ya Westgate na ya Mpeketoni, msiba ambao Lamu haijausahau. Leo anaongoza kaunti iliyohesabiwa watu 1,117,840 mwaka 2019, pamoja na mji wa Kitengela unaozidi kupanuka kando ya barabara ya Namanga. Hata hivyo, hana mamlaka ya kumwamrisha askari hata mmoja. Kwa Katiba ya 2010, polisi wote wako chini ya Inspekta Jenerali.

Je, mikono yake ni mitupu? La. Katiba hiyo hiyo imezikabidhi kaunti taa za barabarani na leseni za vileo. Kichochoro chenye giza na baa iliyofunguliwa karibu na shule ni hesabu ya kaunti kabla ya kuwa kazi ya polisi.

Kuna na jambo la pili, lisilojulikana na wengi. Sheria ya Huduma ya Kitaifa ya Polisi ya 2011, kifungu cha 41, inaagiza kila kaunti iwe na Mamlaka ya Polisi ya Kaunti, chini ya uenyekiti wa gavana au mjumbe wa kamati yake kuu. Humo huketi wakuu wa usalama pamoja na raia wanaoteuliwa na gavana, wakiwemo wanawake na watu wa taasisi za dini. Miongoni mwa kazi zake ni kufuatilia mwenendo wa uhalifu, hasa ule unaowadhuru wanawake na watoto.

Basi dada zetu, wa Kitengela na wa Pwani pia, tuulize: mamlaka hiyo yakutana lini? Ni nani anayetuwakilisha humo? Taa ikizimika, tumwendee mwakilishi wa wadi. Mtoto akidhulumiwa, twende kituoni na tusiondoke bila nambari ya OB. Uongozi ni amana, na mwenye kuipokea hana budi kuulizwa.