Zinki Ni Dawa ya Mtoto Huyu

Ndugu mfanyakazi, zinki unaijua: inachimbwa Kipushi, inapakwa kwenye mabati ya nyumba zetu Likasi. Mwili nao unaihitaji, kidogo tu, kila siku.

Watoto wachache huzaliwa na matumbo yasiyoweza kuivuta vizuri kutoka katika chakula. Ugonjwa huo unaitwa akrodamatitisi enteropatika. Mara nyingi huonekana mtoto anapoachishwa ziwa, maana zinki ya maziwa ya mama huingia mwilini kwa urahisi. Vidonda hutokea kuzunguka mdomo, matakoni, mikononi na miguuni. Mtoto anahara, nywele zinanyonyoka, analia ovyo.

Baba, usimshitaki mama wa mtoto. Si uchawi, si uchafu, na hauambukizi. Mtoto ameurithi kwenu nyote wawili, ninyi wenyewe hamuugui. Kila mimba ina bahati mbaya moja kati ya nne.

Zamani wengi walikufa. Mwaka 1973 waganga wa London walionyesha kwamba zinki inaponya. Mganga wa hospitali hupima damu, kisha huanza na miligramu 3 hivi za zinki kwa kila kilo ya uzito, kila siku. Kwa siku chache tu, hali hubadilika.

Yashikeni haya:
– Dawa ni ya maisha yote. Mkiiacha, vidonda vinarudi.
– Msiongeze kipimo: zinki ikizidi, hupunguza shaba mwilini.
– Unga wa madini si dawa. Unaweza kuwa na risasi, nayo ni sumu.

Mpelekeni mtoto hospitalini mapema.